Nyutro

Swichi ya sebuleni aliileta Mwakio kutoka Guangzhou,
kioo cheusi kisicho na kitufe;
ukikigusa kwa kidole chenye unga, hakikujui.
Ya chumbani Wakesho aliituma kwa posta, Stuttgart,
na karatasi ya maelezo kwa lugha kumi na nne, Kiswahili hamna.
Ya ngazini, chini, Mwadime aliinunua Luthuli
kwa bei ya mwisho-mwisho, bila boksi, bila risiti.
Juu ya ngazi akaiacha ile ya marehemu baba yao,
nyeupe iliyogeuka rangi ya jino.

Basi nina simu moja na programu tatu,
kila moja na nywila yake, kila moja yadai
kujua niko wapi na nimelala saa ngapi,
na hakuna inayojua habari za mwenzake.
Nikisema, "Zima zote,"
sebule inatii,
chumba kinauliza, nani huyo?
ngazi inawaka.

Juzi stima ilipotea Buruburu nzima tangu saa moja.
Iliporudi, saa tisa usiku, kila swichi iliamka na ndoto yake.
Ya Mwakio iliwaka kama nyumba ya arusi.
Ya Wakesho ilikaa giza ikingoja mtandao,
mgeni mlangoni asiyekaribishwa.
Ya Mwadime ikawa yawaka, yazima, yawaka.
Nikashuka kwa kupapasa ukuta, nikihesabu vidato kumi na tatu,
huku mita inakula tokeni.

Mimi, nisikilize, nilikuwa opereta wa simu.
Miaka kumi na tisa mbele ya ubao wa matundu,
masikioni chuma, mikononi waya.
Mtu wa Voi akimtaka mtu wa Kitale,
huyu ana Kitaita, yule ana Kibukusu, sikuuliza;
nilichomeka hapa, nikachomeka pale,
nikasema, "Ongea, Voi,"
na vifo na mahari na bei ya mahindi vikapita
katikati ya vidole vyangu.
Leo taa tatu za nyumba moja zimenishinda.

Akaja fundi, Mutheu, binti wa suruali yenye mifuko saba,
tesita kaichomeka nyweleni kama kalamu.
Akafungua kisanduku cha ngazini, akanyamaza, akacheka kidogo.
"Mama, hizi hazina ugomvi. Hazijatambulishwa tu.
Hii husema kwa waifai, ile ina mawimbi yake,
na hii ya Luthuli, sijui, labda husali.
Nitakuwekea kitovu kimoja, zote ziongee nacho.
Lakini humu ukutani hamna nyutro.
Zamani swichi ilitaka njia ya kwenda tu.
Hizi za siku hizi zataka na njia ya kurudi."

"Na ikikosekana?"
"Itaiba umeme kidogo kupitia taa. Haitazimika kabisa.
Utaiona usiku: jicho la mtu anayejifanya kalala."

Njia ya kurudi.
Mwakio hajaja tangu matanga.
Wakesho hunijibu kwa vidole gumba vya manjano.
Mwadime yuko Kayole, hapo tu,
na wote watatu hawasemezani tangu ile hati ya shamba la Wundanyi.
Sikusema kitu. Fundi hulipwa kwa saa.

Kitovu akakiweka juu ya friji, kidude saizi ya kisahani cha chai.
"Kinataka jina, Mama. Nikiite nani?"
"Opereta."
Akanitazama, akaandika.

Opereta, zima zote.
Sebule ikazima. Chumba kikazima.
Ngazi ikabaki na kamwanga kake.
Akasema kuna kifaa cha kukameza, shilingi mia nne.
Nikamwambia, kaache.

Na ile swichi ya juu nikamkataza kuing'oa.
Haijaunganishwa na chochote sasa.
Nikienda kulala naibonyeza, tak,
nasimama kidogo, kama zamani,
nikimpa wa upande wa pili
nafasi ya kupokea.